Mama Vifungo na Askari Wake

Nakuambia mapema: hadithi hii inanionyesha mjinga, na mjinga wa kiwango changu bado hujakutana naye. Kuna watu wameuziwa kipande cha sabuni pale stendi wakidhani ni simu. Kuna jamaa wa kijiji cha Choma alinunua mbuzi mwenye mimba, kufika nyumbani kumbe mbuzi kanyweshwa maji tu. Wote hao nimewapita. Mimi nilijaribu kumdanganya muuza vifungo kwa kifungo.

Muuza vifungo mwenyewe tulimwita Mama Vifungo, mimi na Tabora nzima. Jina lake la kweli wanalijua ndugu zake na watu wa msikitini. Mimi sitalitaja kwa sababu hakunipa ruhusa, na kitu chake usichopewa ruhusa ukikigusa unapigwa rula. Duka lilikuwa mtaa wa nyuma ya soko, jembamba kama korido. Vifungo vimejaa kwenye makopo ya maziwa ya unga, kila kopo limefungwa kifungo kimoja nje ili ujue ndani kuna nini. Zipu zinaning'inia ukutani kama mikia ya mijusi. Katikati meza ndefu ya kupimia vitambaa, na nyuma ya meza yeye mwenyewe, baibui, miwani kwenye kamba shingoni, kikombe cha kahawa kisichokwisha.

Mimi nina guta, ile baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu. Shule nilimaliza la saba, nikaachana nayo kwa amani. Kazi yangu ilikuwa kumletea mabunda yake kutoka stesheni, na kazi yake ilikuwa kunikaripia. "We kijana, hiyo ni lesi, si mawe! Shusha kama unashusha mtoto!" Nikishusha kama mtoto ananiuliza, "Mbona unachelewa? Unambembeleza alale?"

Yule mama hakuwa mpole, wasikudanganye wanaomsifu sasa. Lastiki anakukatia palepale kwenye alama, hata nywele moja haiongezeki. Mteja akianza kubembeleza, oh Mama nipunguzie, oh mwanangu mgonjwa, anamsimamisha kwa mkono: "Subiri nivae miwani, nikusikie vizuri." Anavaa taratibu, kwanza sikio hili, halafu lile, anamtazama. Nimeona watu wazima wakibadilisha maelezo yao kabla miwani haijakaa puani. Halafu mama huyohuyo, akija mtoto wa shule shati limekatika vifungo, anamvua shati, anamketisha kifua wazi juu ya kaunta, anamshonea vyote bure huku anamgombeza. Waliotoka vijijini anawasalimia "Mwangaluka" kwa Kinyamwezi cha kuazima, wakimjibu kwa kirefu anaruka kwenye Kiswahili mbio.

Sasa, mchezo.

Mwanawe wa kiume anakaa ng'ambo. Mwaka mmoja alikuja likizo na boksi. Ndani ya boksi kitabu kinene cha Kiingereza, jalada lina joka, na kete za ajabu. Si zile za ludo. Moja ina pande ishirini, ukiirusha inazunguka hadi unasahau ulichokuwa unataka. Yule kaka alikuwa mtu wa watu. Jumapili mchana duka likifungwa alituweka mezani mimi, Shija na Fundi Simu, akatufundisha. Shija ni rafiki yangu, alikuwa anashona kwenye kibaraza cha jirani, mtu wa maneno machache mpaka unamsahau yupo. Fundi Simu ni fundi simu.

Mchezo wenyewe ni wa maneno. Mmoja anasimulia: mko msituni, mnasikia sauti, mnafanya nini? Na nyie mnajibu: mimi nachomoa upanga, mimi napanda mti. Kete inaamua kama umeweza. Kila mtu ana shujaa wake. Wangu aliitwa Radi. Nilitaka Radi bin Tetemeko, ila kaka akasema jina lisizidi kichwa. Kila shujaa anaongozana na askari wake, watu wa kawaida wa kushika mikuki, na shujaa akisema nenda, askari anaenda.

Likizo ikaisha, kaka akaondoka. Akatuambia endeleeni, nikirudi nataka kuwakuta mbali. Kitabu kikabaki. Hakuna aliyeweza kukisoma. Mimi Kiingereza changu ni "good morning, teacher", na hapo teacher awe anatangulia. Jumapili iliyofuata tukakaa mezani tunatazamana kama watu wa msiba. Mama Vifungo alikuwa pembeni anapanga nyuzi. Akaja na kikombe chake.

"Mnasubiri nini?"

"Msimulizi, Mama."

"Kitabu kinasema nini?"

"Hatujui, Mama."

Akavuta kiti. "Mimi hadithi najua. Nielezeni hesabu."

Nikamweleza mimi, maana mdomo ni wangu. Shujaa ana roho themanini. Askari ana roho nne. Mkuki mmoja unakula roho sita.

Akavaa miwani. "Mtu mmoja ana roho themanini?"

"Ndiyo, Mama. Ni shujaa."

"Kazipata wapi?"

"Kwa kupigana. Kila akishinda anaongezewa."

"Na askari hakupigana?"

"Kapigana, Mama. Ila yeye haongezewi."

"Kwa nini?"

Nikamtazama Fundi Simu, Fundi Simu akatazama dari. "Ni askari tu, Mama."

"Mkuki wa roho sita, askari ana nne. Kwa hiyo akiguswa tu, kafa. Huyu bwana mkubwa anachomwa mara kumi anaendelea kuongea."

"Ndiyo maana ni shujaa!"

"Hapana," alisema. "Mtu ambaye hafi, ushujaa wake uko wapi? Mwenye roho nne akisogea mbele, huyo ndiye mimi ningemwogopa." Halafu akauliza swali ambalo kitabu kile, naapa, hakina jibu lake: "Na ugali nani anawasongea?"

Toka siku hiyo meza ikawa yake. Kitabu akakiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa unacheza. Akatandaza futi ya fundi, ile ya kupimia kiuno, kutoka mwisho huu wa meza hadi ule, akasema hii ndiyo njia ya msafara. Mwanzo wa futi ni Bagamoyo, mwisho ni Ujiji, Tabora iko kati, tunakwenda na kurudi nyumbani. Mashujaa ni vifungo vikubwa vya makoti. Askari ni vifungo vya mashati. Punda ni vipande vya chaki. Joka ni zipu ya chuma ya sanduku, akiivuta inafunguka mdomo, krrrr, na Fundi Simu, mtu mwenye ndevu, anarudisha kiti nyuma. Yule mama alijua kusimulia. Alivyotupitisha misitu ya Usinge na majini yake, mimi Jumatatu nilipewa mzigo wa kule nikasema guta bovu.

Lakini alikuwa na sheria zake mbili, na ndizo zilizotupa taabu.

Ya kwanza: huweki askari mezani mpaka useme anaitwa nani, mama yake nani, katoka wapi, na usoni ana nini. Tukaona ni utani, tukaufanya utani. "Huyu anaitwa Juma, mama yake Mwajuma, katoka Isevya, ana chunusi." Hakuwa anacheka, ila alikuwa anakumbuka. Wiki tatu baadaye unasema "askari wangu yule pale", anakuuliza, "Yupi? Mwenye chunusi?" Na wewe unajisikia vibaya, kwa sababu ya kifungo.

Ya pili: askari akifa harudi kwenye kopo. Ukutani kulitundikwa kitambaa cheupe cha marekani, kile cha kizamani cha misafara. Aliyempeleka askari kifoni anachukua sindano na uzi, anamshona pale mwenyewe, palepale, mchezo unasimama wote tunamngoja. Shija kwake ilikuwa kazi ya dakika. Mimi nilijichoma vidole mpaka nikaanza kupigana kwa adabu. Ukitaka kujua vita ni ghali, shona. Watu walipita mlangoni wakiona wanaume na guta lao nje wako ndani wanashona vifungo, wakauliza kama tumeajiriwa.

Nilimuuliza siku moja sheria hizi kazitoa wapi. Mvua ilikuwa imetufungia, umeme umekatika, na yeye alikuwa na hali ya kuongea. Akatueleza kuhusu mlinzi wake.

Kabla sijaanza kumbebea mizigo alikuwa na mlinzi anaitwa Maganga. Miaka mingi alikaa pale nje juu ya pipa, asubuhi Mama akifika anamwambia "Karibu Mama", anamfungulia kufuli, anaondoka kulala. Siku moja wakaja wezi, Maganga akasimama mlangoni. Wakamkata mapanga, akafa. Kijana mmoja wa mtaani aliamshwa na kelele, akamkimbiza mwizi mmoja hadi reli, akamkamata. Yule kijana kulipokucha alibebwa mabegani, mtaa mzima, vigelegele. Maganga alikuwa bado yuko pale sakafuni, kafunikwa kanga.

"Wakaniuliza tumpeleke wapi," Mama alisema. "Nikasema kwao. Wakasema kwao wapi. Nikasema Usinge. Nilijua Usinge tu, kwa sababu aliwahi kuniletea asali. Tukapanda lori mimi na marehemu na watu wa msikitini, tukaenda kugonga milango. Mna mtu anaitwa Maganga yuko Tabora? Kila nyumba ina Maganga! Mwisho tukapata bibi mmoja, Nyamizi, akasema mimi ninaye. Akaniuliza, 'Wako ni yupi, mwenye kovu au mwenye pengo?'"

Kahawa ilikuwa imepoa, akainywa hivyohivyo.

"Sikujua. Kila siku ya Mungu ananiambia karibu Mama, mdomo unafunguka mbele yangu, na sikujua kama ana pengo. Ikabidi tufunue kanga, mama yake atazame mwenyewe."

Alikuwa na pengo. La juu, kushoto.

Hakuajiri mlinzi tena. Alinunua kufuli kubwa kama kichwa cha mtoto. "Kufuli halina mama," alisema, akavaa miwani akatuuliza kama tumekuja kucheza au kukaa.

Jumapili iliyofuata aliingiza askari mpya kwenye msafara. Kifungo cheupe cha shati, matundu manne, kimemeguka kidogo ukingoni. Hakuhitaji kusema jina. Alisema hata hivyo: Maganga, mama yake Nyamizi, katoka Usinge, ana pengo. Akamweka nyuma ya shujaa wangu. Nikamuuliza kwa nini kwangu, kwa nini si kwa Shija anayetunza watu wake. Akasema, "Wewe ndiye una roho nyingi." Halafu akasema jambo ambalo wote tulilisikia, kwa hiyo sina pa kujificha: "Nataka mmoja tu afike nyumbani. Mashujaa wenu fanyeni mtakavyo. Askari huyu mmoja namtaka Tabora, mzima."

Na tulijitahidi, usifikiri hatukujitahidi. Tulikwenda na Maganga hadi Ujiji, Jumapili kwa Jumapili, mwaka ukapita. Alivuka mto Malagarasi amekaa juu ya punda wa chaki. Alilala nyuma ya mti wakati sisi tunapigana na majini. Mara moja mshale ulimfuata, Radi wangu akaukinga kwa kifua, roho saba zikaenda, na Mama Vifungo akanimiminia kahawa kwa mkono wake. Kahawa ile watu hawapewi. Nilitembea na guta wiki nzima kama nimechaguliwa diwani.

Macho yake yalianza kuharibika wakati huohuo, tunarudi kutoka Ujiji. Alianza kuuza bluu kwa nyeusi. Wateja wakirudisha anakuwa mkali, halafu wakitoka anasogeza kopo mlangoni, kwenye mwanga. Akatuambia duka atalifunga, anakwenda kukaa Isevya kwa mpwa wake. Msafara uishe kwanza.

Jumapili ya mwisho tulikuta meza imetandikwa kitambaa safi. Kwenye kaunta sinia la halwa limefunikwa kawa, na vikombe. Nikahesabu kwa macho, tulikuwa wanne na vikombe vitano. Zamani msafara ukikaribia mji, alituambia, watu walitoka kuupokea kwa nyimbo. Leo atatupokea yeye.

Kwenye futi tumebakiza vidole vichache kufika Tabora. Askari wote walikuwa ukutani kasoro Maganga. Na pale bonde la Igombe, krrrr, joka likafungua mdomo. Njia nyembamba, anapita mmoja mmoja, wa kwanza ataumwa. Radi alikuwa na roho hamsini na kitu. Joka lile likiuma sana linakula thelathini. Hesabu hiyo hata mimi wa la saba naiweza.

"Tangulia wewe, Radi," Fundi Simu alisema. "Roho unazo za kumwaga."

Nilitaka kutangulia. Wallahi nilitaka. Mdomo ulikuwa umeshafunguka kusema natangulia. Ila nilimuona Fundi Simu anavyonitazama, anangoja kituko, na mimi mtu akingoja kituko siwezi kumnyima. Nikasukuma kile kifungo cheupe kwa kidole: "Askari! Nenda kamuulize joka kama limeshakula!"

Fundi Simu alicheka hadi akapiga meza, punda wakaanguka. Hata Shija alitabasamu, halafu akaacha.

Mama Vifungo akasema, "Ndiyo amri yako?"

Alinipa nafasi. Kwenye meza ile ukishasema umesema, hakuwahi kumuuliza mtu mara mbili. Mimi aliniuliza. Lakini kicheko kilikuwa bado kinaendelea, na kicheko kikiwa chako ni kitamu kuliko halwa.

"Ndiyo, Mama. Shujaa kaamuru."

Akarusha kete nyuma ya kopo, kama kawaida yake, anaona yeye tu. Akainama karibu sana, macho yale. Angeweza kusema namba yoyote. Nilikuwa namwomba moyoni aseme uongo, mara moja tu katika maisha yake, na yeye akanyanyua kichwa: "Kafa."

Radi akaingia Tabora bila askari wake, na roho zake hamsini na kitu. Mama akafunua sinia. Tukala halwa, na sikumbuki kama ilikuwa na ladha. Kikombe cha tano kilikaa pale. Kisha akanipa kifungo na sindano yenye uzi tayari.

Na mimi badala ya kushona, nikatazama saa. Sina saa, nilitazama mkono. Nikasema Mama nina mzigo stesheni, nitakuja kumshona kesho kwa utulivu. Hapakuwa na mzigo. Nilikuwa nakaribia kulia na sikutaka Fundi Simu anione. Nikakitia kifungo mfukoni mwa shati, nikatoka na utani mlangoni, sikumbuki upi.

Nyumbani nikatia mkono mfukoni. Vidole vikatokea upande wa pili. Miaka yote naishi na mafundi cherehani, na mfuko wangu una tundu. Nilirudi njia yote nimeinama kama kuku. Sikukiona.

Basi kesho ikawa keshokutwa. Duka likafungwa, wakahamisha mizigo kwa lori, nikajifanya ninaumwa. Kutoka sokoni hadi Isevya kwa guta si safari, nilipita karibu na nyumba ile kila wiki na magunia ya watu, na kila nikikaribia kona nilikanyaga pedali haraka. Mwaka ukaisha hivyo.

Ndipo Shija akaja akaniambia mwanawe Mama anakuja kumchukua, anakwenda naye ng'ambo kwa ajili ya macho, na hajui kama atarudi. "Anakuulizia," alisema. Ndiyo yote aliyosema.

Mtu mwenye akili angekwenda vilevile alivyo. Mimi nilikwenda duka lingine nikanunua kifungo cheupe cha shati. Nikakaa nacho kwenye guta, nikachukua koleo, nikakimegua ukingoni kidogo, nikakisugua kwenye vumbi kiwe na umri. Nikakitazama. Nikasema Radi, wewe ni fundi. Mama haoni.

Tulikwenda mimi na Shija, mchana. Mpwa wake akatufungulia. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka barazani upande wa ndani, miwani haipo shingoni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Usijitaje." Akainamisha sikio. "Hilo guta halijapakwa grisi. Shujaa."

"Ndiye, Mama."

"Umepotea."

"Kazi, Mama."

"Kazi." Akatikisa kichwa kama mtu anayekubali bei. "Isevya na sokoni pamekuwa mbali siku hizi."

Shija alikaa mlangoni. Mimi nikapiga magoti, nikamwekea kile kifungo kiganjani. "Nimekuletea Maganga."

Alikifunga kiganja. Akakifungua. Dole gumba likaanza kutembea juu yake, ukingoni, katikati, ukingoni tena, polepole. Nilijisifu kimoyomoyo kwa lile koleo.

"Alikuwa wapi muda wote huu?"

Ningeweza kusimama hapo. Lakini mimi nikipewa swali sijui kulijibu dogo. Nikasema Mama, nimekaa naye kwenye pochi, usiku na mchana. Nikasema nimekwenda naye hadi kwao Usinge kubeba tumbaku, mvua ikatushika, guta likazama matopeni, nikaacha magunia nikashika pochi juu kichwani, maji yamefika hapa, Mama, hapa, nikamshika mkono nikauweka kifuani kwangu aone maji yalipofika.

"Ukaacha magunia ya watu?"

"Magunia si kitu, Mama. Mtu ni mtu."

Alinisikiliza hadi mwisho, uso umegeukia upande wangu kidogo tu pembeni. "Safari ndefu," alisema. Halafu, taratibu: "Mama yake anaitwa nani?"

Kichwa kikawa cheupe kama kile kitambaa. Mwaka mzima nimesikia jina lile kila Jumapili. Nikatafuta, hakuna kitu. Nikafanya ninachofanya siku zote. "Mama yake?" nikasema. "Mama Maganga!"

Nje kuku alikuwa anaparura.

"Nyamizi," Shija alisema kutoka mlangoni. "Pengo la juu, kushoto."

"Haya," alisema Mama. Akapapasa nyuma ya mto, akatoa kile kitambaa cha marekani, kimekunjwa vizuri, vifungo vinagongana ndani. Akatunga sindano mwenyewe kwa ncha ya ulimi. "Shona."

Nikashona. Ninajua kushona sasa, yeye ndiye aliyenifundisha. Nilipomaliza alikichukua kitambaa, akapitisha dole gumba juu ya vifungo vyote, mstari kwa mstari, kama mtu anayesalimia watoto waliopangwa. Kwenye kona ya chini alikaa kidogo. Kisha akafika kwenye changu, akakibonyeza kuona kama kimeshika.

"Umekaza vizuri," aliniambia. "Ahsante, Shujaa."

Ndivyo alivyoniita tangu mchezo uanze, Shujaa, lakini siku hiyo nililisikia jina kama la mtu mwingine. Nikambusu mkono. Akaniombea dua, ndefu, ya safari, wakati anayesafiri ni yeye.

Tulitoka. Nilikuwa nasukuma guta, sijapanda, nasikia nimetua mzigo. Shija alikuwa anatembea kando, mikono mfukoni. Tulipofika barabarani nikamwambia, "Umeona? Mama kafurahi."

Tukapita kona, ile niliyokuwa naikimbia.

"Maganga ana matundu manne," akasema. "Wewe umeleta cha mawili."

Nikasimamisha guta.

"Yupo palepale kwenye kitambaa, kona ya chini. Ulimdondosha kabla hujavuka mlango. Nilimshona mimi siku ileile, Mama alinishikia tochi."

"Na mmeninyamazia mwaka mzima?"

"Alinikataza. Alisema usimwambie, atakuja mwenyewe. Kila nikienda ananiuliza kama umesema chochote." Akanitazama, Shija, mtu ambaye hakuwahi kunitazama vibaya. "Ungemwambia tu, 'Mama, kimepotea.' Alikuwa anangoja hilo tu."